Wimbo Aliopewa Kaka

Kwao muziki ulikuwa kama chumvi. Baba alipiga gitaa, mama aliimba, na kaka mkubwa alishika kipaza sauti kabla hajaota ndevu. Binti kitinda mimba ndiye aliyetunga. Alitunga jikoni, kwenye ngazi, hata mswaki ukiwa mdomoni, na kila wimbo ulipoiva kaka aliuchukua.

"Sisi damu moja," alimwambia. "Changu chako, chako changu."

Cha kaka hakikuwahi kuonekana.

Mama alipougua, binti alimtungia wimbo kando ya kitanda. Mama akafariki, kaka akauimba, watu wakalia. Redioni mtangazaji akauliza nani kautunga.

"Mimi," kaka akajibu kwa huzuni ya kuazima. "Nilikuwa nimemshika mama mkono."

Dada yake alimsikia akiwa anapiga pasi. Mkono ule aliushika yeye. Kaka hata hakuwepo, alikuwa ziarani na bendi. Shati la baba likaungua. Hakumwambia mtu. Wiki hiyo hiyo akahama nyumbani.

Alianza kazi kwenye studio moja ya ghorofani, yenye mazulia mpaka ukutani, akikunja nyaya. Miaka sita baadaye yeye ndiye aliyekalia mitambo, wakamwita Fundi, na wasanii walimsubiri kwenye korido.

Kaka, aliyekwisha kukaukiwa nyimbo, naye akaja.

"Mdogo wangu, nitoe aibu. Wimbo mmoja tu."

"Upo," Fundi akasema. "Unamsema yule mwimbaji mpinzani wako."

Kaka akacheka hadi akashika mbavu. Wimbo ulihusu kasuku aliyeiba sauti ya mwenye nyumba, akajitapa mjini kwamba ni yake, hata kilio cha msibani akakidai. Kiitikio kilisema: *Kasuku, sema basi la kwako.* Mpiga besi wa bendi ya kaka alielewa papo hapo, akaomba kwenda kunywa maji.

Fundi alimrudisha kaka kwenye kiitikio mara kumi na moja, ingawa hakuwa amekosea popote.

"Tena, kaka. Tamka vizuri."

Wimbo ukashika kila mahali. Mtangazaji yule yule akauliza kama ametunga mwenyewe.

"Kila neno," kaka akaapa. "Ni maisha yangu hayo."

Fumbo mfumbie mjinga. Kesho yake Fundi akautoa wimbo wa mama, ule aliourekodi kwa simu kando ya kitanda, akiuimba mwenyewe. Katikati, mama anakohoa, kisha anasema: "Hapo rudia, mwanangu. Umetunga vizuri."

Watu wakajumlisha wenyewe. Kwa kinyozi, dukani, jukwaani, kila kaka alipofungua mdomo walimwitikia: sema basi la kwako. Siku moja aliacha kipaza sauti sakafuni, akaondoka.

Baba akapanda ngazi za studio, anahema.

"Umemvua nguo nduguyo hadharani."

"Alikuwa amevaa zangu, baba."

"Hali chakula. Hatoki chumbani."

"Mimi nilipokuwa sili, nani alinibishia hodi?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Utamsamehe lini?"

"Sijui. Kwa sasa moyo wangu umetulia, na sitakudanganya kwamba najuta."

Baba akavuta kiti. Akaketi, akaweka kofia gotini. "Basi niwekee ule wenye sauti ya mama yako."

Akamwekea. Walipofika kwenye kikohozi, simu ya Fundi ikawaka: kaka anapiga. Akaigeuza kifudifudi, akaongeza sauti ya spika.