Moto wa Mtihani

Kaunti ya Kericho na ya Bomet zilipoamua kukichukua kikundi cha kujitolea cha kuzima moto pale mpakani, kiwe zimamoto yao ya pamoja, Arasa Nyaberi alikosa usingizi kwa ajili ya pampu. Miaka kumi na tisa ameishika yeye, juu ya trekta ambayo kiwanda cha chai kiliwapa kilipochoka nayo. Kabla ya hapo hakuwahi kumaliza mwaka kwenye kazi yoyote. Sasa barua ilisema kila mmoja atafanya mtihani, na atakayeshindwa aende nyumbani.

Maofisa wawili wakaja, madam Chepkosgei wa Kericho na bwana Kipkurui wa Bomet, kila mtu na faili lake. Wakarundika matawi makavu ya michai, wakawasha, wakamwambia Arasa azime.

Alizima kwa dakika nne. Halafu akafunga maji, akapiga magoti, akasogeza makaa matatu kando na kuyapuliza.

"Mzee, unafanya nini?" akauliza Chepkosgei.

"Naacha ya chai, madam."

Jentrix Aoko, mwenzake aliyekuwa akingoja zamu yake ya mtihani, ikabidi aeleze. Kikundi hakiondoki penye moto mpaka mwenye moto awapikie chai kwa makaa yaleyale. Mkinywa, moto umeisha. Msipokunywa, bado mko kazini. Hata kanisa lilipoungua, pasta alipika.

"Ipikwe basi," akasema Kipkurui, aliyekuwa na kiu.

"Na nani? Huu moto ni wa nani?" akauliza Arasa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Wa Bomet. Matawi ni ya upande wenu," akasema Chepkosgei.

"Matawi hayajiwashi, madam. Kiberiti kimetoka kwa mkoba wako, mimi nimekiona," akajibu Kipkurui.

Wakafungua mkataba wa kaunti mbili, kurasa sitini. Uligawanya magari, viatu, hata filimbi. Moto haukutajwa.

"Si mmwagie tu maji hayo makaa," akasema Jentrix.

"Bila ruhusa ya mwenyewe?" Kipkurui akamtazama kama mwizi. "Hiyo ni mali ya kaunti. Ni vile tu hatujajua ni gani."

Arasa akauliza kama amepita.

"Mtihani haujaisha, mzee," akasema Chepkosgei. " Moto si huo unawaka?"

"Kwa hivyo niende nyumbani?"

Wakapekua tena. Kifungu cha kwanza kabisa kilisema mwenye pampu haondoki penye moto. Wakamwandika yuko kazini mpaka uishe, wakampa koti lenye nembo mbili, na suala la mwenye moto likapelekwa kwa kamati.

Kamati imekaa mara tatu, na kila mara imekubaliana kukaa tena. Arasa hufika saa moja asubuhi. Kwa sababu ya mvua ya alasiri, ameyajengea yale makaa kibanda cha mabati.

Juzi Jentrix alikuja na sufuria, maziwa na majani.

"Nitasema moto ni wangu, tunywe, tumalize. Zamu yangu haiwezi kufika kama yako haijaisha."

"Sawa, mama. Na ukishindwa huo mtihani?"

 Jentrix akaweka sufuria chini, mbali na makaa, akaenda kutafuta matawi makavu ya kuyaongezea.