Mjomba wa Karatasini

Mimi na fundi bomba mmoja tulianguka siku moja, kutoka jukwaa moja la ujenzi, wote tukaumia mgongo. Yeye Mzungu, mimi mweusi. Akaomba msaada wa serikali wa familia maskini, akajaza ukurasa mmoja, akapewa. Anakula na mkewe mezani, raha mustarehe.

Mimi, kurasa sita! Na sharti juu: nyumbani asiwepo mwanamume, isipokuwa ndugu wa mama. Nikamuuliza karani kwa nini. Akajibu bila kupepesa macho, "Wataalamu waliona kwenu nyie weusi wanaume wanakula msaada, watoto wanabaki na njaa." Kwenu! Nilitamani kumtafuna.

Lakini kodi ya nyumba ilikuwa imetufika shingoni, na mke wangu, fundi viatu, asingeweza kulisha watu watatu peke yake. Basi akaomba yeye, akaniandika kwenye fomu kuwa kaka yake. "Shikamoo kaka," akawa ananitania kila asubuhi, mtundu yule, nacheka huku mgongo unaniuma. Binti yetu wa miaka mitatu tukamfundisha kuniita mjomba.

Mkaguzi akaja. Kuona viatu vya kiume vimejaa sebuleni, macho yakamtoka.

"Vya nani hivi?"

"Vya wateja, dada," mke wangu akasema. "Ningekuwa na waume kumi na mmoja, ningekusumbua wewe?"

Mkaguzi akanigeukia mimi. Binti akawahi: "Huyu mjomba!"

Msaada ukapita. Tulicheka mpaka machozi.

Wiki iliyofuata binti akajikwaa mlangoni, akapasuka mdomo. Akanikimbilia, damu inamtiririka. "Mjomba! Mjomba!" Wala hapakuwa na mkaguzi. Moyo ulinichanika, sikufichi. Nikambeba, nikamwambia, "Baba. Mimi ni baba."

Akatikisa kichwa. "Baba hayupo."

Alikuwa amefundishika vizuri, mwanangu.

Asubuhi nikamwambia mke wangu siwezi tena. Akaweka nyundo chini. Alijua ni pesa ya kodi tunayoitupa.

"Nenda," akasema. "Hata mimi nimechoka kulala na kaka yangu."

Nikaenda ofisini kwa miguu, nikasema ukweli wote.

Barua ikaja baada ya siku nne. Mke wangu akaisoma kwa sauti: "Msaada umesitishwa. Sababu: baba yupo nyumbani." Akairudia mara mbili. Kisha akachukua msumari, akaigongomea ukutani juu ya meza yake ya kazi, wateja waione.