Mfalme Bado Hajavuka Ziwa

Nilimkuta Asajile uani kwake akigeuza kokoa juani. Nikambwagia kitabu chake mkekani.

"Kitabu cha saba, kaka, na mfalme wako bado hajavuka ziwa! Tangu kitabu cha pili yuko ufukweni anasubiri mtumbwi, na kila sura anazuka shujaa mpya. Umetuchosha!"

"Watu wa kijiji cha Ngana walininunia kwa sababu sikuwaweka kitabuni," akasema. "Nilipowaweka, wa Ikombe nao wakaja juu. Sasa nikimuua shujaa mmoja tu, kijiji chake hakinipi mkono hata msibani. Nifanyeje, dada?"

"Waue! Mtumbwi uzame, hadithi iishe. Wewe ni mwandishi au mwenyekiti wa kijiji?"

Akajifuta mikono.

"Haya, leo leo wanazama. Naanza na yule mama shujaa wa Njisi."

Nikakiokota kitabu upesi. Yule mama alikuwa na jina la marehemu mama yangu, na cheko lake. Mimi ndiye niliyemwomba Asajile amweke, baada ya mazishi.

"Huyo mwache!" nikafoka. "Waue wa Ngana."