Kiti cha Mama Everlyne

Siku mbili kabla ya safari, rubani Kimaiyo alinipigia simu akaniambia kwamba ndege lazima iondoke Kitale kabla ya saa tatu asubuhi. Alinieleza sababu kwa upole, kama mwalimu. Kitale iko juu na hewa yake ni nyepesi. Jua likipanda, huwa nyepesi zaidi. Ndege ile ndogo ya injini mbili ingeweza kuruka na watu tisa saa mbili asubuhi, ikashindwa kuruka na watu haohao saa sita mchana. Nilimwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Ila sikuwaambia wengine.

Nilikuwa nimehitimu miezi saba tu iliyopita, na kwa miezi minne nilikuwa karani wa ushirika wa wakulima wa njugu karanga, Malakisi. Wanachama wetu walikuwa wameacha tumbaku msimu mmoja uliotangulia. Sasa kampuni moja inayosaga siagi ya njugu ilitaka kukutana nasi Nanyuki, alasiri moja tu, na kwa kuwa safari ya barabara ingechukua siku nzima, ikatukodia ndege. Tukipata mkataba, watu wangebaki na njugu. Tukiukosa, wangerudi kwenye tumbaku mwezi huohuo, kwa sababu karo haingoji. Kila mtu Malakisi alijua hivyo.

Kimaiyo alihitaji uzito wa kila abiria, nami nikawapima ghalani kwa mizani ya magunia. Mzee Matthew, mwenyekiti wetu, alipopanda, mweka hazina Rosaline akauliza kama tutamtoa kilo mbili za gunia, kama wafanyavyo wanunuzi. Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Mama Everlyne alipanda wa mwisho, akavua viatu kwanza kama anayeingia nyumbani kwa watu. Alikuwa kilo sitini na tatu. Mimi nilikuwa sitini na moja.

Mama Everlyne hakuwa na cheo katika ushirika. Lakini miaka yote ambayo wilaya nzima ilipanda tumbaku, yeye aliendelea kutunza mbegu ya njugu nyekundu ya mama yake ndani ya vibuyu, na mbegu yetu yote ilitoka jikoni kwake. Jina lake nililiandika la tisa kwenye orodha.

Kwetu, gari likikodishwa kwa harusi, linangoja. Dereva anapewa chai, anapewa kuku, na wenye shughuli wakimaliza ndipo anapoondoka. Hakuna aliyefikiri ndege ni tofauti, hata Rosaline, aliyempikia rubani kuku mzima na kumfungashia kwenye sufuria. Saa kumi na mbili asubuhi tulikusanyika kwa Mzee Matthew ili tuagwe. Wachungaji wawili waliomba, kila mmoja kwa zamu yake na bila haraka. Kisha mjomba wa mzee akataka kutubariki. Kisha chai ikaja tena.

Nilimwendea mzee nikamnong'oneza kwamba tunachelewa. Alinishika bega akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Si ndege tumekodishiwa sisi? Itaenda na nani, bana?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Hapo ndipo ningesema habari ya hewa na jua, mbele yao wote, na sikusema. Niliona ningeonekana kijana wa chuo anayewafundisha wazee muda wa kuomba.

Tulifika Kitale kwa gari saa sita kasoro robo.

Kimaiyo alikuwa ameketi kwenye kivuli cha bawa. Hakugomba. Alitazama joto, akapiga hesabu kwenye karatasi, akatuambia tupunguze mizigo. Tulishusha mikungu ya ndizi, kuku wawili walio hai, na sufuria yake mwenyewe, ambayo alimshukuru Rosaline kwayo na kumwachia mlinzi wa uwanja. Tukapanda tena, tukafunga mikanda. Akapiga hesabu upya.

"Bado kilo sitini," alisema. "Mtu mmoja abaki. Siwezi kuruka hivi."

Kompyuta yangu ilikuwa mapajani, na ndani yake michoro niliyoitengeneza kwa wiki mbili. Nilijiambia kwamba bila mimi hakuna atakayeweza kuifungua. Haikuwa kweli, Rosaline aliifungua kila Ijumaa. Kweli ni kwamba sikuwa nimewahi kupanda ndege, na imenichukua muda mrefu kukubali kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Mama Everlyne naye hakuwa amewahi. Alifungua mkanda ambao alikuwa ametoka kuhangaika kuufunga.

"Nendeni nyinyi mliosoma," alisema. "Mimi nitasema nini huko?"

Kwenye mlango alisimama, mkono mmoja kwenye kamba ya ngazi, muda mrefu kuliko unaohitajika kushuka hatua nne. Nadhani alikuwa anangoja mtu aseme hapana. Kisha akashuka.

Tulipokuwa juu niliuona Mlima Elgon dirishani, mzima, na nikafurahi. Sitalificha hilo.

Kule Nanyuki tulipokewa na Gathoni, mnunuzi mkuu wa kampuni ile, mwanamke wa maneno machache. Michoro yangu aliitazama dakika nne, kisha akaniomba niiache kwanza.

"Nataka kujua habari ya ukungu," alisema. "Njugu zenu tulizozipima hazina ukungu kabisa, na mnavuna kwenye mvua. Mnafanyaje?"

Mzee Matthew alizungumza juu ya umoja. Rosaline alinitazama mimi. Nikasema tunafuata njia bora za kilimo.

"Zipi?"

Nikapekua michoro yangu. Gathoni akauliza ni nani hasa anayetunza mbegu. Nikamwambia kuna mama mmoja, lakini amebaki Kitale, kwa sababu ndege ilikuwa nzito. Alinitazama, akaitazama na kompyuta. Tulimpigia Mama Everlyne simu mara tatu, na mara tatu tukaambiwa mteja hapatikani. Labda alikuwa njiani kurudi nyumbani, karibu na Kamukuywa, na kuku wetu wawili miguuni pake.

Baada ya wiki moja barua ilikuja. Msimu huu wamechagua wakulima wengine.

Nilikwenda nyumbani kwa Mama Everlyne siku iliyofuata. Nilimkuta uani akimenya njugu, nikakaa chini, nikamwambia habari ya saa tatu. Mikono yake ikatulia.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Rubani aliniambia mapema."

"Na ukanyamaza."

"Niliona haya kuwakatiza wazee maombi."

"Job mwanangu, ungesema, tungeombea ndani ya gari. Kwani Mungu hasikii kwa gari? Ati ulituonea haya. Ulituona watoto."

Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. Upande wa pili wa ua, jirani yake alikuwa akisawazisha kitalu cha tumbaku. Alitusalimu, na Mama Everlyne akaitikia, akamwuliza hali ya mtoto.

"Na kile kiti, mama," nilianza.

"Hicho nakijua," alisema.

Akaendelea kumenya. Niliona aibu kuondoka na aibu kubaki. Baadaye nikamwuliza, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, anafanyaje ili njugu zake zisishikwe na ukungu. Aliniangalia kuona kama nauliza kwa adabu tu. Kisha akasogeza ungo katikati yetu, akaanza na siku ya kung'oa: ni siku ngapi baada ya mvua, na udongo uwe namna gani mkononi. Nilisikiliza, na jembe la jirani liliendelea kusikika nyuma ya ua.