Jedwali la Futari

Kila Ramadhani, familia kumi na mbili za jengo moja mjini Sfax hufuturu kwa zamu: vikundi vinne vya familia tatu tatu, na kila wiki vikundi hubadilishwa ili kila mtu aonje chungu cha mwenzake. Zamani walipangana kwa mdomo, na lawama hazikukosa. Mwaka huu Mwalimu Munji Abid, mstaafu wa hesabu, akajitwika kuwapanga kwa jedwali la kompyuta.

"Mashine haina shemeji wala rafiki," alitangaza ngazini. "Anayetaka kubadilishiwa meza, huyo anaikataa hesabu!"

Maneno matamu, lakini hesabu yenyewe ilikuwa na mkono wa mtu. Munji alijiandika mstari wa kwanza, awe mwenyeji wa wiki ya kwanza. Wa pili akamwandika Mama Salwa, fundi wa sambusa za yai, na wote wawili akawapa kikundi kimoja kwa wiki zote nne. Mdogo wake Hedi, wa ghorofa ya kwanza, akamtupa mwisho wa orodha, mbali naye mwezi mzima. Walikuwa hawasalimiani mwaka wa tisa sasa, tangu Hedi alipoukata mzeituni wa marehemu mama yao bila kumuuliza. Munji aliona heri afuturu na paka.

Kabla ya kuchapisha, akaona majina yamekaa ovyo. Akayapanga kwa herufi, akianzia na jina la ukoo. Majina yakahama, ila namba za vikundi, ambazo alisahau kuzichagua pamoja nayo, zikabaki palepale. Hakurudia kusoma. Kwake yeye, makosa yalikuwa kazi ya wanafunzi. Akaibandika karatasi kwenye mlango wa jengo.

Asubuhi akakuta majirani wanacheka. Juu kabisa walikuwa Abid Hedi na Abid Munji, kikundi kimoja, wiki zote nne, na wiki ya kwanza futari ni nyumbani kwa Hedi.

"Kuna kosa hapa," alisema, mkono ukiifuata karatasi.

Mama Salwa akaudaka. "We Mwalimu! Leo wewe ndiye unayeikataa hesabu?"

"Siikatai, ila..."

"Ila nini? Si ulisema mashine haina shemeji?"

Jioni Munji akashuka ngazi na mkewe. Hedi ndiye aliyefungua. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe, na Munji, aliyezoea kumpita bila kumtazama, hakujua zilianza lini.

"Kaka," Hedi alisema. "Kama ulitaka tupatane, si ungegonga mlango tu? Ya nini kuhangaisha jengo zima?"

Munji alikuwa na jibu la kweli, na alilionea aibu kuliko jambo lolote maishani mwake. Adhana ikaanza. Akachukua tende, akampa mdogo wake atangulie.

"Ungekataa kufungua," akasema. "Hesabu haikataliwi."