Makofi Yaliyouza Sakafu ya Kufulia

Wewe uliona. Usiniambie hukuona. Asubuhi ile walipokuwa wakigongomea vigingi kwenye sakafu ya kufulia, pale kwenye bomba la soko, ulipita na mfuko wako mkononi, ukatoa simu ukajifanya unatafuta namba. Mimi nilikuwa juu ya ngazi nachora kibao cha duka la dawa. Ukiwa juu ya ngazi unaona vizuri shingo za watu zinavyogeukia upande wa pili. Yako niliiona.

Basi ngoja nikusimulie ulichokikwepa.

Sakafu ile ni saruji iliyolainika kwa visigino vya akina mama. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mkongwe wa pale. Anafulia nusu ya mtaa: mashuka ya nyumba ya wageni, makoti ya zahanati, mashati ya watu wa ofisini. Chumba anachopanga hakina ua wala bomba, na mwenye nyumba akiona hata leso imeanikwa dirishani anapiga kelele kama kaibiwa. Bila sakafu ile, kazi ya shangazi imekwisha.

Baraza linataka pale pawe maegesho ya magari. Magari ya nani? Yao wenyewe.

Na sheria inasema wananchi waulizwe kwanza. Wakatuuliza. Sikiliza walivyotuuliza.

Ukumbi wa baraza una viti vya kuzunguka kule mbele, vya plastiki huku nyuma, na kipaza sauti kimoja ambacho hakijawahi kufika kwenye plastiki. Mwenyekiti anafungua kwa salamu na kichekesho. Mtaalamu anasimama kusoma. Maneno yake yamepigwa pasi, hayana hata mkunjo wa kushikia: kuboresha, kuendeleza, kupanga upya. Akimaliza, mwenyekiti anapaza sauti, "Jamani, makofi kwa mhandisi wetu!" Nasi tuliofundwa adabu tunapiga. Katibu anaandika: wananchi wameafiki. Maswali yanakuja mwisho kabisa, watu wakiwa wanatafuta ndala zao, na ukiuliza lolote unajibiwa kwamba hilo limeshapita.

Uwanja wa mpira wa watoto ulikwenda hivyo. Vyoo vya stendi vilikwenda hivyo. Wewe umesahau. Mimi hata kichekesho cha siku ya vyoo nakikumbuka, na hakikuchekesha.

Siku ya vigingi shangazi alinishusha kwenye ngazi, tukaenda ofisini, mikono yake ikiwa bado na povu.

"Nani kawapa ruhusa?" akamuuliza katibu.

"Ninyi, mama. Ulikuwepo, safu ya nyuma pale. Ulipiga makofi, nilikuona kwa macho yangu."

"Nilipiga kwa sababu yule kijana kamaliza kusoma! Hata mtoto akisoma mbele ya darasa anapigiwa!"

"Ndiyo hivyo. Mlikubali."

"Kwa hiyo siku nikipiga chafya mtaniuzia na kitanda?"

Katibu alicheka. Nataka ulijue hilo: alicheka, akiwa amejiegemeza kwenye kiti, na akiwa bado anacheka akasema bado kuna kikao cha kuthibitisha. "Njooni tu, mama. Mje mpige tena."

Tulipotoka, shangazi hakurudi bombani. Alianza kupita mlango kwa mlango. "Safari hii makofi hapana." Kila mtu akaitikia, lakini yeye anawajua watu wake. "Hawa wanaitikia leo," akaniambia, "siku yenyewe mikono itajiendea. Imezoea. Kila mtu aje ameshika kazi yake."

Wakaja hivyohivyo. Fundi cherehani alikuja na suruali isiyo na pindo na sindano mdomoni. Msusi alikuja na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeona jini. Fundi viatu na buti na nyundo. Mimi na brashi na kopo la rangi nyekundu, askari wa mlangoni akinikodolea macho. Shangazi na jirani yake walishika shuka bichi, kila mmoja na ncha yake.

Mhandisi akasoma. Mwenyekiti akasimama. "Makofi kwa mhandisi wetu!"

Kimya. Shuka tu likidondosha maji kwenye vigae, to, to, to. Kinyozi mmoja mikono ikamponyoka, akapiga pa! Mke wake akamtia kiwiko cha mbavu mpaka akakohoa.

"Vipi jamani, mmechoka leo?"

"Tuko kazini," alijibu fundi cherehani, sindano ikicheza mdomoni.

"Mwanangu," shangazi akamwambia mwenyekiti. Hakuhitaji kipaza sauti. Amezoea kuzungumza juu ya bomba lililo wazi. "Hilo shati nimelifua mimi. Hiyo kola nimeisugua palepale unapotaka kulaza gari lako. Ukipafunga, kikao kijacho utakuja umevaa nini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti akajishika kola kabla hajajizuia.

"Mama, wakati wa maswali bado."

"Sina swali. Si mlituuliza? Najibu. Hapana." Akamgeukia katibu. "Andika, baba."

Kalamu haikugusa karatasi. Mwenyekiti akasema wananchi leo hawajatulia, kikao kimeahirishwa hadi Alhamisi. Tukiwa mlangoni katibu akatutupia la mwisho: "Hata asiyepiga makofi tunamhesabu kakubali, mradi hakupinga kwa utaratibu."

Umeelewa? Kupiga ni kukubali, kutopiga ni kukubali. Na Alhamisi wanaleta watu wao kwa basi. Najua, kwa sababu fundi cherehani aliletewa oda ya kofia zao, akawafukuza kibarazani kwake, nao wakapeleka kwingine. Watu wa mbali, wasiojua hata bomba lenyewe liko wapi, watakaa kwenye viti vyetu wapige makofi mpaka viganja viwake moto.

Wakati unasoma haya shangazi yuko pale, kaegemeza beseni kwenye kigingi chao, anafua.

Sasa ni zamu yako. Alhamisi uwahi, mlango ukifunguliwa uwe umeshafika. Kila kiti utakachokalia, kofia moja inabaki nje. Uje na kazi yako mkononi. Wakiita makofi, simama, sema hapana, kwa mdomo, kwa sauti, usikae mpaka umwone katibu akiliandika. Na kabla ya Alhamisi, sasa hivi, weka hiyo simu chini, gonga mlango wa jirani yako umwambie. Inuka. Mlango wake uko hatua chache tu. Nenda.