Supu ya Namba Saba

Akina mama mlio na watoto wasomi, hii ya Hilwa isikieni mpaka mwisho, maana Hilwa hakukusudia ubaya. Alikusudia supu.

Hilwa aliishia darasa la saba huko kisiwani Tumbatu, Zanzibar. Sasa anakaa Bur Dubai na bintiye Ibtihal, chumba kimoja na ukumbi. Ibtihal alikuwa amepata nafasi ambayo kwao haijapata kutokea: mradi wa chuo kimoja cha ng'ambo unaowalea watafiti chipukizi wa jamii za wenyeji, wachunguze afya ya watu wao wenyewe badala ya kungoja wageni. Akapewa mwalimu wa kumshika mkono na mwaka mmoja wa kuonyesha anachoweza. Alichagua kuwachunguza wanawake wa kwao walioko huku, walionasa kwenye vidonge vya maumivu, na kwa nini mwenye kazi ya chini huiogopa hospitali kuliko maradhi yenyewe.

Majina hayakuandikwa. Kila mwanamke ni namba, na mazungumzo ni kwa simu, mlango umefungwa.

"Mama, ukisikia sauti, fungulia redio, fungulia bomba, imba ukitaka," Ibtihal alimwambia. "Bora usisikilize."

"Kwani mie polisi?"

"Ndiyo hofu yao hasa. Hapa mtu akijulikana, kazi imekwenda, visa imekwenda. Pengine na jela."

Haya, mwambie mama hivyo halafu umtake atulie. Hilwa akawa anafuta meza iliyokwisha futwa. Mtoto wa kike, mambo ya dawa, nchi ya watu. Je, wakija kugonga? Mara ashike ufagio, mara auache, na kila mara ufagio unampeleka pale pale mlangoni kwa Ibtihal. Alitaka kujua hatari iko wapi, basi.

Jumanne moja alasiri akasikia kikohozi kwenye spika ya simu, kifupi, cha kutangulia maneno. Halafu: "Ewallah, mdogo wangu, mie Namba Saba." Hilwa akaitambua sauti. Joha! Joha wa mtaa wa Naif, ng'ambo ya hori, msafishaji wa hoteli, waliyekaa naye jamvi moja kwenye maulidi juzi tu wakicheka.

"Naamka navyo, nalala navyo," sauti ilisema. "Mgongo umepona zamani, mie ndiye sijapona. Hiyo Alhamisi ya wiki ijayo uliyonipangia kwa daktari nitakwenda. Lakini likitoka neno moja nje, usinitafute tena."

Hilwa angenyamaza hapo, yangekwisha. Lakini mtu wako anaumwa, unakaaje? Kwao mgonjwa hupelekewa kwanza chombo cha chakula. Asubuhi ya pili akanunua makongoro, akayachemsha mpaka nyama ikaachia mfupa, akakamua ndimu, akajaza hotipoti nyekundu. Akavuka kwa abra, mashua ya abiria, hotipoti mapajani kama mtoto mchanga.

Joha alikuwa akikaa chumba cha watu wanne, kila kitanda na pazia lake.

"Bi Hilwa! Leo umepotea njia?"

"Supu tu, mwanangu. Inywe ya moto."

"Mbona mie siumwi?"

"Joha." Hilwa akamshika mkono, akashusha sauti, ingawa si ya kutosha. "Vile vidonge usiviache kwa mpigo. Na Alhamisi ukiona uzito kwenda peke yako, nitakusindikiza."

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Kuna mtu alikuwa amegeuka.

Joha akacheka kwa nguvu. "Bi Hilwa na mambo yake! Vidonge gani, vya malaria?" Akamtoa mpaka kwenye ngazi, akavuta mlango. Kicheko kikaishia huko ndani.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna, wallahi! Mie mwenyewe nime—"

"Dubai nzima nimemwambia mtu mmoja. Mmoja!"

"Ibtihal hajui kama nimekuja."

"Basi ndiyo vibaya zaidi. Nyumba yake inavuja na mwenyewe hajui."

Magharibi haijaingia, ujumbe ukamfikia Ibtihal: "Futa sauti yangu." Joha ndiye aliyewaleta wengine wanne. Nao wakajitoa mmoja mmoja. Ibtihal hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, simu mkononi.

"Mwambie mwalimu wako ni mie," Hilwa alisema. "Mwambie mama hakusoma, hajui."

"Ulijua, Mama. Nilikwambia."

Yule mwalimu, naye mwenyeji wa visiwa vyake mwenyewe huko mbali, hakumfukuza Ibtihal. Alimwambia afanye kazi mahali pengine, na awaeleze wanawake wote ukweli bila kujitetea. Rafiki wa Ibtihal, Ghaliya, akamwazima chumba huko mtaa wa Jumeirah Village Circle. Kazi ikaanza upya, na mwaka haukungoja.

Lakini ilibaki ile Alhamisi ya daktari. Ibtihal aliondoka saa tatu asubuhi bila kusema anakwenda wapi. Hilwa akapika, akasahau chumvi. Akakaa, akainuka, akachungulia dirishani. Je, Joha amekwenda kwa daktari? Au yuko kitandani, pazia limeshushwa, vidonge chini ya mto?

Adhuhuri Ibtihal akarudi, na mkobani mna ile hotipoti nyekundu. Kapewa wapi? Mlangoni kwa daktari, au Naif? Hilwa akaifungua. Imeoshwa, inanuka sabuni, na ni tupu. Kwao chombo cha mtu hakirudi kitupu, japo ndimu mbili hutiwa.

"Joha ka—"

Ibtihal akamtazama. Hakukasirika, alimtazama tu, akangoja.

Hilwa akainuka. Akaenda jikoni, akafungulia bomba mpaka mwisho, akaiosha tena hotipoti iliyokwisha oshwa, maji yakipiga kelele, asisikie kitu.